Naongoza maombi ya wengine, lakini mimi mwenyewe siwezi kuomba

Barua ya msomaji

Shikamoo Mchungaji, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Iringa, nimeolewa na tumejaliwa watoto watatu. Ni msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tangu kubatizwa kwangu, na katika usharika wetu ni mwanakwaya, mzee wa kanisa na katibu wa Umoja wa Wanawake. Nilimpokea Bwana Yesu nikiwa kidato cha tatu, katika kongamano la Pasaka la UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, na kwa miaka mingi baada ya hapo maombi yalikuwa raha yangu. Niliamka alfajiri bila kuamshwa na mtu, nikasoma Neno, na mara nyingi nilihisi kana kwamba aya niliyoifungua iliandikwa kwa ajili yangu siku hiyo hiyo.

Hali hiyo sasa haipo. Siwezi kutaja siku ilipoanza, ila nakadiria inakaribia mwaka wa pili. Nikipiga magoti, maneno yananiishia kabla sijasema lolote la maana. Nikifungua Biblia, macho yanapita juu ya mistari, na nikiifunga siwezi kueleza nilichosoma. Kwaya inapoimba, wenzangu hutokwa na machozi, nami nahesabu beti zilizobaki. Kinachonitesa zaidi ni kwamba nikiitwa mbele kuongoza maombi, maneno yanakuja vizuri kabisa, watu wanaitikia Amina kwa sauti, na wengine hunishika mkono baadaye na kuniambia kwamba wamebarikiwa. Narudi nyumbani nikijiona mnafiki.

Nimefanya yote niliyoweza. Nimefunga, nimehudhuria mikesha ya Ijumaa, nimetubu dhambi ninazozikumbuka na nisizozikumbuka. Dada mmoja tunayeomba naye aliniambia kwamba huenda kuna laana ya ukoo inayonizuia, akanipeleka mahali fulani kuombewa ukombozi. Huko niliambiwa nitoe sadaka maalumu ya kuvunja laana hiyo. Niliitoa, nikarudi vilevile. Mume wangu husema nimechoka tu, nipumzike, lakini nikipumzika nani atazifanya kazi hizi?

Nyumbani kwetu hakuna tatizo kubwa. Mwaka juzi tulimpoteza mdogo wangu wa kike kwa saratani ya shingo ya kizazi. Tulikuwa tumemwombea sana, na watumishi walikwisha kututhibitishia kwamba amepona, lakini sisi tulimpenda na Mungu akampenda zaidi, nasi tunamshukuru kwa yote. Siku ya mazishi niliimba na kwaya mpaka mwisho, na watu walishangaa jinsi nilivyotiwa nguvu. Watoto wake wawili ninaishi nao na wanaendelea vizuri shuleni. Kwa upande wa afya sina ugonjwa, isipokuwa usiku nashtuka saa tisa na usingizi haurudi tena.

Naomba unisaidie, Mchungaji. Je, Mungu ameniacha, au mimi ndiye niliyemwacha? Nifanye nini ili nirudi kule nilikokuwa wakati wa ujana wangu? Je, nijiuzulu kwaya na uongozi mpaka nitakapokuwa sawa? Na la mwisho, ambalo naona aibu hata kuliandika: nimekwepa Chakula cha Bwana mara kadhaa, nikijifanya nina kazi na watoto wa Shule ya Jumapili, kwa kuogopa kula na kunywa hukumu yangu mwenyewe. Je, nafanya vema?

Mwalimu, Iringa

Jibu

Marahaba, mwanangu, na Bwana Yesu asifiwe.

Umeuliza maswali manne, na nitayajibu yote, ila sitafuata mpangilio wako, kwa sababu naona jibu limejificha mahali ambapo hukuuliza kitu. Umeeleza kwa kirefu habari za mifungo, mikesha na beti za kwaya, lakini kifo cha mdogo wako umekipa sentensi chache, ukakitanguliza na maneno kwamba nyumbani hakuna tatizo kubwa, kisha ukakifunga haraka kwa shukrani. Alifariki mwaka juzi. Ukame wako, kwa kadirio lako mwenyewe, unakaribia mwaka wa pili. Sidai kwamba nimeusoma moyo wako kutoka mbali, na ukiona nimekosea uniandikie tena bila kuogopa, lakini nimekaa na wafiwa wengi kiasi kwamba siwezi kuzipita sentensi za namna hiyo.

Niruhusu niseme ninachodhani kilitokea. Mlimwomba Mungu amponye. Mlifunga, mkaamini, na watu mliowaheshimu wakawaambia kwamba jambo limekwisha. Kisha akafa, kwa ugonjwa unaotesa mwili vibaya, akaacha watoto wawili. Wewe ulisimama penye kaburi ukaimba, watu wakakusifu, na tangu siku hiyo sifa ile imekuwa kama sare ya kwaya ambayo umekosa mahali pa kuivua. Sasa kila unapopiga magoti unakutana na Mungu yule yule ambaye una neno zito naye. Unalipita neno hilo, unaanza kumweleza habari za usharika na mitihani ya watoto, na maombi yanakatika. Mbele ya watu hayakatiki kwa sababu pale unaomba mambo yao. Ukiwa peke yako, la kwanza lililo moyoni mwako ndilo usilojiruhusu kulisema.

Soma tena Yohana sura ya 11, na safari hii usiisome kwa ajili ya kuifundisha. Dada wawili wa Bethania walimtumia Yesu ujumbe kwamba ndugu yao ni mgonjwa, naye baada ya kupata habari akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Alipofika, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Martha akamlaki njiani. Baadaye Mariamu akaja akaanguka miguuni pake. Na kila mmoja kwa wakati wake alimwambia maneno yale yale, kwamba kama angalikuwapo pale, ndugu yao hangalikufa. Kwa kuwa maneno yao yanafanana kabisa, mimi huamini kwamba dada hao walikuwa wameyarudia wao kwa wao usiku kucha, wakiwa wamekaa kwenye mkeka wa msiba. Ni maneno ya imani, maana wanajua kwamba angeweza kuzuia. Nayo ni maneno ya lawama, maana hakuwapo. Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Kwa Martha alisema habari za ufufuo, na mbele ya Mariamu alilia machozi, ingawa alijua atakalolifanya muda mfupi baadaye. Sisi wahubiri tuna haraka ya kufika kwenye kaburi lililofunguliwa, na kila mfiwa anayetusikiliza anajua kwamba ndugu yake hakutoka siku ya nne. Wewe bado uko njiani pamoja na Martha, na kwa kadiri ninavyoona hakuna mtu aliyekuambia kwamba unaruhusiwa kusema alichosema Martha.

Wala usidhani kwamba imani tuliyoipokea inakudai usihuzunike. Martin Luther alimpoteza binti yake Magdalena mwezi Septemba 1542, binti akiwa na miaka 13. Siku chache baada ya msiba alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu kwa furaha, kwa kuwa mtoto wao ameondoka salama katika taabu za dunia hii, lakini hawakuweza kufanya hivyo bila kulia na kuugua, na kwamba hata kifo cha Kristo hakikuweza kuyaondoa machungu yao yote kama ilivyopasa. Aliyeandika hivyo ni yule yule aliyetufundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa imani. Shukrani aliijua, na akakiri kwamba haijamfika mdomoni. Yako wewe ilifika mdomoni siku ile ile ya mazishi, na nachelea kwamba ilifika kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni hili. Tafuta alasiri moja ambayo mume wako atabaki na watoto wote watano, uende mahali ambapo hakuna atakayekusikia. Ukiweza kwenda kaburini kwa mdogo wako, nenda. Chukua Zaburi ya 13 na ya 88. Ya kwanza inamwuliza Bwana «hata lini» mara nne katika aya mbili tu, kisha inafika kwenye wimbo. Ya pili haifiki kwenye wimbo. Inaishia gizani, na watu wa Mungu waliozikusanya Zaburi waliiacha hivyo hivyo ilivyo, wala hawakuona haja ya kuiongezea ubeti wa ushindi. Zisome kwa sauti, halafu endelea kwa maneno yako mwenyewe. Mtaje mdogo wako kwa jina. Mwulize Mungu kwa nini. Mwambie kama umemkasirikia. Na kama mna lugha ya nyumbani mliyokuzwa nayo wewe na marehemu, omba kwa lugha hiyo, kwa sababu Kiswahili cha kuongoza maombi umekizoea mno, kitakujia chenyewe na kukurudisha kwenye sentensi zile nzuri ambazo watu huziitikia Amina.

Huenda utaona kwamba huko ni kukosa adabu mbele za Mungu. Ayubu alisema makali kuliko yote utakayoyasema, na rafiki zake wakamtetea Mungu kwa hoja zilizopangwa vizuri. Mwisho wa kitabu Bwana aliwakasirikia wale rafiki, akasema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu.

Kuhusu watumishi waliowathibitishia kwamba mgonjwa amepona, nitasema kidogo, ingawa ningeweza kusema mengi. Kumbukumbu la Torati 18:22 inafundisha kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, Bwana hakulinena neno hilo. Basi usimbebeshe Mungu ahadi ya wanadamu, ukamhesabu kuwa amevunja neno ambalo hakulitoa. Una haki ya kuwakasirikia waliolitoa. Wengi wao husema hivyo kwa huruma, kwa kuwa ni vigumu kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa ukakosa la kusema. Lakini huruma ya namna hiyo huwaachia wafiwa deni, na nimeona waumini wakililipa kwa miaka.

Habari ya laana ya ukoo iweke kando kabisa. Galatia 3:13 inasema kwamba Kristo alitukomboa katika laana, naye hakutuagiza tuongeze malipo juu ya malipo yake. Sadaka uliyoitoa usiifuatilie, na mahali pale usirudi.

Lakini je, haiwezekani kwamba kuna dhambi? Inawezekana, na singekuwa mwaminifu kama ningekuficha. Zipo nyakati ambapo mtu hawezi kuomba kwa sababu anaishi ndani ya jambo analolijua: fedha za kikundi alizozitumia, uhusiano usiofaa, ndugu asiyesalimiana naye kwa makusudi. Katika hali hiyo dawa ni kutubu na kurekebisha, na maombi ya mkesha mzima hayawezi kukaa badala ya kuzirudisha fedha zile. Ila angalia tofauti. Roho Mtakatifu anapomhukumu mtu, kwa kawaida humwonyesha jambo lenyewe, naye hulitambua upesi hata kama hataki. Wewe umetafuta kwa bidii, umetubu hata usiyoyakumbuka, na hukuona kitu chenye jina. Wingu la hatia lisilo na jina, linalomfuata mtu aliyekwisha kutubu, silitambui kuwa kazi ya Roho. Acha kujichimba. Likitokea jambo la kutubu utaliona.

Sasa tuje kwenye mwili. Mama mwenye darasa la kufundisha, watoto watano nyumbani na nafasi tatu kanisani, anayeamka saa tisa za usiku na kukaa macho mpaka alfajiri, usiku baada ya usiku, hawezi kuomba kwa utulivu. Angeshangaza kama angeweza. Elia alipokaa chini ya mretemu akiomba kufa, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, malaika hakumletea fundisho wala karipio. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mlima Horebu na sauti ndogo ya utulivu vilikuja baada ya chakula na usingizi. Mume wako, ambaye umemtaja kwa sentensi moja tu, ameona jambo hili kabla yangu, nawe unapaswa kumsikiliza.

Zaidi ya kupumzika, nakuomba uende hospitali ukamweleze daktari habari za usingizi, za kukosa furaha katika mambo uliyoyapenda, na za msiba. Dalili hizo zinaweza kuwa za sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, nayo ni maradhi yanayotibika kwa mazungumzo ya ushauri na, inapobidi, kwa dawa. Kumwona mtaalamu wa afya ya akili si kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kama watu wanavyopenda kutaniana, wala hakupunguzi imani, kama ambavyo hakuna aliyemwona mdogo wako kuwa na imani haba alipokwenda kutibiwa saratani. Na ikiwa wakati wowote utajikuta unatamani kufa kama Elia alivyotamani, usisubiri miadi wala jibu la barua: mwambie mume wako saa hiyo hiyo na mwende hospitali.

Umeuliza kama Mungu amekuacha. Hapana. Umeuliza kama wewe umemwacha, na hapo pia nasema hapana, maana aliyemwacha Mungu haandiki barua ya namna hii. Kuhusu kujiona mnafiki, mnafiki hujionyesha kuwa na kitu asichokitaka. Wewe unakililia kitu ambacho huna. Waliobarikiwa na maombi yako wamebarikiwa kweli, kwa sababu aliyewabariki si hisia zako.

Swali la kurudi kule ulikokuwa wakati wa UKWATA ndilo gumu kwangu, kwa sababu sina hakika kwamba utarudi huko, na sina hakika kwamba unapaswa kurudi. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na ilikuwa furaha ya msichana wa kidato cha tatu ambaye hakuwa amemzika mdogo wake. Kuna watumishi wa Mungu waliodumu gizani kwa muda mrefu kuliko wako. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 ulimwengu ulishangaa kusoma kwamba, tangu alipoanza kazi yake kati ya maskini mwishoni mwa miaka ya 1940, aliishi kwa miongo mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku kila siku akisali na kuwahudumia waliokuwa wakifa. Sikuambii haya ili uridhike na ukame miaka hamsini. Nakuambia ili ujue kwamba kutohisi ni jambo moja na kutopendwa ni jambo jingine, na kwamba ukaribu utakaoupata huenda ukawa mtulivu kuliko ule wa kwanza, wenye maneno machache, na mtu asiyekujua akiuona asiuite uamsho.

Katika kipindi hiki usijaribu kubuni maombi. Tumia yaliyokwisha kuandikwa. Mwaka 1535 kinyozi wa Luther, aliyeitwa Peter Beskendorf, alimwuliza namna ya kuomba, naye akamwandikia kijitabu. Anasema humo kwamba yeye mwenyewe anapohisi amepoa na hana hamu ya kuomba, huchukua Zaburi, huingia chumbani au kanisani, na kujisomea Amri Kumi, Imani ya Mitume na maneno ya Maandiko kama watoto wanavyofanya. Kisha huchukua amri moja au fungu moja la Imani na kujiuliza mambo manne: lanifundisha nini, lanipa nini cha kushukuru, lanionyesha nini cha kuungama, na laniongoza kuomba nini. Hamlazimishi kinyozi amalize yote. Ikiwa wazo moja likaufungua moyo, ayaache mengine na kulisikiliza hilo. (Kinyozi huyo, mwaka huo huo, alimwua mkwewe kwa kisu akiwa amelewa, na Luther akamtetea hata adhabu yake ikawa kufukuzwa mjini badala ya kifo. Kijitabu kile kwa hiyo hakikuandikiwa malaika.) Wewe unaijua Katekisimu, kitabu cha Luther cha mafundisho ya msingi ya imani, kwa moyo tangu kipaimara. Anza na ombi moja tu la Sala ya Bwana asubuhi, dakika chache, ukiwa umeketi kama magoti yanakuchosha, na usiongeze muda kwa kujiadhibu. Saa tisa za usiku, usingizi unapokatika, usiamke kufanya maombi ya vita. Sema Sala ya Bwana taratibu ukiwa kitandani, nayo ikiisha usidai kuhisi kitu. Mfungo na mikesha acha kwa sasa.

Kisha usiubebe mzigo huu peke yako, na safu ya ushauri haitoshi. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo baada ya njaa kali iliyokuwa imewaua watu wengi katika eneo lake. Alikuwa mmisionari, mtu wa maombi, na alikuwa amekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, akamweleza waziwazi hali yake, nao wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao katika miaka ya 1930 ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya na kwetu upande wa Bukoba, husimuliwa mara nyingi kuanzia hapo. Wazee wa uamsho huo walisisitiza kutembea nuruni, yaani kuambiana ukweli, na hilo ni zuri. Hata hivyo, kwa maoni yangu baadaye tulilifanya kuwa desturi ya kutoa ushuhuda mpya kila juma, hata yule asiye na jipya akaona heri anyamaze au atunge. Wewe usitafute jukwaa. Tafuta Nsibambi wako mmoja: mama mzima wa usharika ambaye hasambazi maneno, mchungaji wako ukimwamini, au mume wako, ambaye nadhani anasubiri kuambiwa. Dada aliyekupeleka kwenye ukombozi anakupenda, lakini kwa jambo hili mpishe.

Kuhusu kwaya na uongozi, usijiuzulu vyote kwa pamoja, kwa kuwa mtu aliye gizani hapaswi kufanya maamuzi makubwa ambayo asingeyafanya mchana. Ukatibu wa Umoja wa Wanawake uombe likizo. Mwambie mwenyekiti kwamba una msiba ambao hukupata nafasi ya kuuomboleza, naye akishangaa kwamba ni wa mwaka juzi, mwache ashangae. Uzee wa kanisa subiri mpaka kipindi chako kiishe, ila omba usipangiwe kuongoza maombi kwa muda. Kwayani baki, na siku ambayo huwezi kuimba, simama na wenzako ukiwa kimya, waimbe kwa niaba yako. Kazi nyingine zitafanywa vibaya kidogo na watu wengine, na usharika hautakufa.

Limebaki lile uliloliona aibu. Unapokwepa Chakula cha Bwana hufanyi vema, na nasema hivi kwa upendo. Onyo la Paulo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 11 liliwahusu watu waliokuwa wakila na kulewa huku wakiwaaibisha maskini waliokaa nao meza moja. Halikuandikwa kwa ajili ya mama mwenye huzuni anayeogopa kwamba hafai. Katekisimu Ndogo, ambayo umewafundisha watoto wa wenzako, inauliza ni nani astahiliye kupokea sakramenti hii, na inajibu kwamba kufunga na kujiandaa kimwili ni desturi njema ya nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno yasemayo kwamba mwili umetolewa na damu imemwagika kwa ajili yenu, kwa ondoleo la dhambi. Haiulizi umehisi nini. Pale hutaombwa kutunga maneno wala kuongoza mtu. Utapewa, na kazi yako ni kupokea. Jumapili ijayo yenye Chakula cha Bwana mwombe mwalimu mwingine akae na watoto wa Shule ya Jumapili, nawe uende mbele pamoja na mume wako.